Flashi Iliyojaa Mno

Kila siku alipotoka shule, Tshala alitupa mkoba kitandani, akabeba madumu, akakimbilia bombani kabla foleni haijarefuka, kisha akaketi na mama yake nyuma ya nyumba kumenya muhogo. Ilikuwa saa ya utulivu. Lakini wiki ile utulivu ulikuwa umehama nyumba yao, na aliyeufukuza ni simu.

"Inalia tena," alisema mama yake bila kuinua macho. "Ni yaya yako Émerence. Pokea, mi mikono iko na maji."

Tshala akashusha pumzi. Wiki nzima simu hiyo hiyo, swali hilo hilo.

"Allô, yaya."

"Tshala, mudogo wangu, ni minyi," sauti ya Émerence ilisikika kwa mbali, pamoja na kelele za watoto. "Nilifungua ile kitu ulisema. Sasa mashini inaniuliza: fungua na nini? Minyi nifungue na nini?"

"Hapana ile, yaya! Ile iko ya mashini ya namna ingine. Fungua ile iko chini yake."

"Chini yake iko bintu mingi. Yote inaitwa Luciole."

"Ile inaandikwa sitini na ine ku mwisho!"

"Iko mbili zinaandikwa vile, mudogo wangu."

Tshala akaangalia juu, kana kwamba msaada ungeshuka kutoka kwenye mabati.

Émerence alikuwa binti wa mama yake mkubwa, ndiyo maana Tshala alimwita yaya, yaani dada mkubwa, na alifundisha shule ya msingi kule Bukama, chini kwenye reli, kando ya mto Lualaba. Shirika moja lilikuwa limeikopesha shule yake kompyuta mpakato chache, kwa sharti moja tu: mwisho wa mwezi wageni wangepita kuangalia. Wakikuta watoto wanazitumia, kompyuta zinabaki. Wakizikuta zimelala ndani ya maboksi, zinahamia shule nyingine. Émerence alikuwa amezipigania mashine hizo mwaka mzima, ingawa yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kugusa kompyuta.

Tshala, ambaye katika klabu ya kompyuta ya shule yao hapa Kamina hakuna aliyemshinda, alimwambia asiwe na wasiwasi. Kulikuwa na programu iitwayo Luciole. Kimulimuli mdogo huruka juu ya kioo cha kompyuta na kutua kwenye herufi, mtoto akaitafuta na kuibonyeza, na hivyo hivyo akajifunza kusoma na kuandika. Tena ilikuwa programu huria: watu wa nchi mbalimbali waliiandika na kuitoa bure, na kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuinakili, kumpa jirani, hata kuibadilisha. Bukama mtandao ulikuwa wa kubahatisha, faili kubwa namna ile lisingeshuka. Basi Tshala aliipakua shuleni, akaitia kwenye flashi, akaituma kwa treni.

Na hapo ndipo lilipoanzia tatizo, kwa sababu Kamina watu wana jambo lao kuhusu vitu vya kutuma kwa treni. Mtu akisafiri, ndugu na majirani humpa mfuko wa kupeleka, na mfuko huo lazima ujae. Usipojaa, utakuja kusikia. Mfuko wenye nafasi juu ni aibu ya nyumba nzima. Aliyeupokea atauinua, ataukuta mwepesi, na habari zitarudi na treni ileile. Mama Tshala akituma unga wa mahindi Bukama na ukabaki upenyo wa ngumi moja, huingiza karanga. Pakibaki upenyo wa kidole, huingiza maharage. Tshala alikuwa ameyaona hayo tangu akiwa mgongoni.

Basi naye aliijaza flashi. Kwenye ukurasa wa Luciole palikuwa na toleo la kompyuta mpya, toleo la kompyuta za zamani, toleo la simu, toleo la mashine za namna nyingine kabisa ambazo Kamina nzima huenda hazipo. Alipakua yote. Palikuwa na matoleo ya mwaka jana na ya mwaka juzi. Aliyachukua pia, nani ajuaye. Palikuwa na msimbo chanzo, yaani yale maandishi ya mafundi ambayo programu imejengwa kwayo, mamia ya mafaili yenye majina yasiyotamkika. Akaongeza na hayo. Ilipobaki nafasi kidogo, akatia nyimbo za kwaya.

"Tshala? Uko?" sauti ya Émerence iliita. "Nifunge tena, nifungue? Batoto banangojea."

"Yaya, soma tu!" Tshala alipasuka. "Inaandikwa yote pale! Mutoto wa miaka kumi anaweza! Weye ni mwalimu, hauyue kusoma?"

Upande wa pili kukawa kimya. Hata watoto walinyamaza, au labda mtandao ndio uliokatika. Kisha Émerence akasema polepole, "Sawa, mudogo wangu. Nilisikia." Simu ikakatika.

Mama Tshala alikuwa ameshasimama, kisu mkononi, maji ya muhogo yakimtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Ule ulikuwa unasema naye ni nani? Rafiki yako wa kuruka kamba?"

"Mama, lakini hasikie! Kila siku swali moja!"

"Ni yaya yako! Alikubeba mu mugongo, weye! Leo juu unayua kufinya-finya ile mashini, njo unamutukana?" Mama yake alirusha muhogo kwenye beseni hadi maji yakaruka. "Menya. Sitaki kusikia sauti yako."

Tshala akamenya. Ndani alikuwa anachemka. Kazi yote ile, flashi imejaa pomoni, na bado lawama ni zake!

Siku chache baadaye alikuja Papa Zébédée, jirani yao, mfanyakazi wa treni. Alikuwa ametoka Bukama na samaki wakavu wa kila nyumba mtaani, na kama kawaida yake alilalamika juu ya uzito wa kila mfuko kabla ya kusalimia. Kisha akatoa mfukoni mwa shati flashi ya Tshala.

"Yaya yako anarudisha," alisema. "Anasema asante. Anasema usijisumbue tena, ile mashini bageni babebe tu. Yeye ni mukubwa, kichwa yake haiwezi tena ile mambo."

Tshala aliipokea flashi. Hakutegemea hilo. Alitegemea Émerence amkasirikie, kwani hasira angeweza kubishana nayo. Sasa abishane na nini?

"Papa Zébédée, unarudi Bukama siku gani?"

"Siku ya posho, treni ikipenda. Kisha pale sirudi mpaka mwezi ingine."

Kabla ya mwezi mwingine wageni wangekuwa wameshapita. Ilibaki safari moja tu.

Kesho yake, masomo yalipoisha, Tshala alimfuata Mwalimu Mathieu kwenye chumba cha kompyuta. Mwalimu Mathieu alikuwa mtu wa maneno machache na miwani iliyofungwa waya upande mmoja. Tshala alimweleza yote, na katika kueleza akajikuta anajitetea. Kwamba kila kitu kilikuwamo. Kwamba maelezo yalikuwamo. Kwamba watu hawasomi, hawasikii, wanabonyeza ovyo!

"Maelezo yako kwa lugha gani?" mwalimu aliuliza.

"Kiingereza," Tshala alijibu kwa sauti ndogo. "Njo vile yalitoka kwa mtandao."

"Na mashine za yaya yako ni za namna gani? Mpya? Za zamani?"

"Siyue."

"Haukuuliza?"

"Juu ya nini niulize, mwalimu? Nilimutumia yote."

Mwalimu Mathieu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akaenda dirishani na kumwita Mama Zaituni, aliyeuza vitenge ng'ambo ya barabara, mbele ya lango la shule.

"Mama Zaituni! Njoo utusaidie kidogo tu!"

Mama Zaituni alikuwa wa familia ya Kiislamu iliyotoka Maniema zamani, wauza nguo baba na babu. Alikuja akijipepea na ncha ya mtandio wake, na alipoonyeshwa kiti mbele ya kompyuta alicheka sana.

"Mie? Na hii sanduku? Mwalimu, unanitafutia aibu mbele ya watoto?"

"Hapana aibu, mama. Mwambie, Tshala: afungue Luciole. Basi. Na wewe," mwalimu akamgeukia Tshala, "usiseme neno. Wala usinyooshe kidole."

Tshala akachomeka flashi, akakunja mikono. Mama Zaituni akapewa kipanya, akaelezwa namna ya kubonyeza, akaanza.

Alibonyeza faili la juu kabisa. Likafunguka: Kiingereza kitupu, kirefu kama gazeti. Akalitazama kwa heshima, kisha akauliza, "Sasa hapa wanasema nini?" Hakuna aliyemjibu. Akabonyeza la pili. Mashine ikauliza lifunguliwe kwa kutumia nini. Mama Zaituni akaigeukia mashine kama mteja anayebishania bei: "Wee si ndiye mwenyewe? Waniuliza mie?" Akabonyeza la tatu, folda ya msimbo chanzo. Mafaili yakamwagika mpaka chini ya kioo, na mengine yakabaki yamejificha.

Tshala alijing'ata mdomo. La nne, Mama Zaituni, la nne! Liko hapo hapo, lione basi! Vidole vilimwasha. Alizungusha macho, akakanyaga mguu wake mwenyewe, akafikiri atapasuka.

Mama Zaituni akateremka kwenye orodha, akapanda, akateremka tena. Akabonyeza wimbo wa kwaya. Wimbo ukaanza kwa sauti kubwa, naye akaruka kwenye kiti.

"Nimeharibu?" aliuliza, na safari hii hakuwa anacheka. "Mwalimu, nimeharibu kitu ya shule?"

"Haujaharibu, mama."

Mama Zaituni alisimama, akajifunga mtandio vizuri. "Niliwaambia. Hii mambo si ya watu kama mie. Kichwa yangu ilishakuwa nzito." Akatabasamu kwa adabu, akaelekea mlangoni.

Tshala alimtazama akiondoka. Huyu ndiye Mama Zaituni ambaye mtaa mzima haujawahi kumpunja hata kipande cha kitambaa, anayepiga hesabu kichwani huku anaongea na wateja kwa lugha tatu. Ameketi mbele ya flashi ya Tshala muda mfupi tu, na ameondoka akiamini yeye ni mjinga. Na maneno yake yalikuwa yaleyale ya Émerence. Yaleyale kabisa!

Hasira ya Tshala haikuisha, ila iligeuka upande. Sasa alikuwa amekasirikia flashi, na aliyeipanga alikuwa yeye.

"Mwalimu," alisema, "hata minyi nikimukuta mutu amenitumia hii takataka, nitalia."

"Si takataka. Vyote ni vizuri," alisema Mwalimu Mathieu. "Ila umemtupia mgeni mizigo yote ya stesheni, ukamwambia achague wake. Haya, kaa."

Kwanza Tshala aliomba simu ya mwalimu, akampigia Émerence. Aliomba msamaha haraka haraka, kabla ulimi haujamgomea. Kisha akauliza swali ambalo alipaswa kuliuliza mwanzoni: mashine zenu ni za namna gani? Émerence alisita, lakini alizigeuza na kusoma vibandiko vya chini, herufi baada ya herufi. Zote zilikuwa sawa, zote za zamani.

Basi ukaanza ufutaji. Toleo la kompyuta mpya, toka. La simu, toka. Ya mwaka jana na mwaka juzi, tokeni. Kwaya nayo ikatoka. Kila alipofuta, Tshala aliangalia tena nafasi iliyobaki. Flashi ilikuwa inabaki tupu.

"Mwalimu, itakuwa nyepesi. Yaya atasema tulimunyima."

"Flashi haina uzito, Tshala. Hapa hatutumi unga."

Alipofika kwenye msimbo chanzo, mwalimu alimzuia. "Huo usiutupe. Waliotoa programu hii walitaka kila anayeipata aweze pia kuona ilivyojengwa. Ni haki yake. Lakini usiuweke mlangoni." Wakatengeneza folda moja, wakaiita Kwa Mafundi, wakauweka humo pamoja na maandishi ya ruhusa na maelezo ya Kiingereza. Nje kikabaki kitu kimoja chenye picha ya kimulimuli, na jina: Luciole, anzia hapa.

Tshala akavuka barabara kumbembeleza Mama Zaituni. Ilimchukua maneno mengi, na mwishowe ahadi ya kumlindia meza siku ya soko. Mama Zaituni akaketi tena, safari hii pembeni mwa kiti, tayari kukimbia. Akabonyeza kimulimuli.

Kikatokea kidirisha cha Kifaransa: je, unataka usakinishaji kamili, wa kawaida, au wa kuchagua mwenyewe?

"Haya, imeanza tena," alisema Mama Zaituni.

"Aaa, hii nayo!" Tshala alipiga meza. Yeye alikuwa amezoea kubonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo bila kusoma. Kidirisha hicho hakuwahi hata kukiona. Akarudi mtandaoni, akatafuta mpaka akapata toleo la Luciole lisilohitaji kusakinishwa, linalofunguka moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Mtandao ukakatika katikati. Akaanza upya. Ukakatika tena. Mama Zaituni alirudi kwenye vitenge vyake, akauza, akarejea, na bado mstari wa upakuaji ulikuwa unatambaa. Tshala alitamani kuirusha kompyuta dirishani.

Hatimaye likashuka. Mama Zaituni akabonyeza. Kimulimuli akaruka, akazunguka, akatua juu ya herufi A. Mama Zaituni akaitafuta A kwa kidole, akaibonyeza. Kimulimuli akang'aa.

"Eh!" alisema.

Kimulimuli akatua kwenye M. Mama Zaituni akaipata M. Baada ya muda alikuwa ameandika ZAITUNI, amekaa kwenye kiti chote, na mteja aliyekuwa anamwita toka nje aliambiwa asubiri. Ilibidi Mwalimu Mathieu amkumbushe kwamba shule inafungwa.

Jumamosi, ile siku ya posho, Tshala na mama yake walimpelekea Papa Zébédée mzigo. Mfuko wa unga ulikuwa umejaa hadi mshono, kwa sababu mama yake hakuwa tayari kubadilika. Flashi ilifungwa kwenye kitambaa, ikaingia mfuko wa shati.

Kisha ukafuata ukimya. Treni ilikuwa imefika, habari ilisikika stesheni, lakini Émerence hakupiga simu. Tshala alizunguka simu ya mama yake kama nzi. Je, flashi imeharibika? Amekataa kuifungua? Amesusa? Mwisho wa mwezi ulifika, ukapita.

Simu ililia wakati wa kumenya muhogo. Tshala akainyakua kwa mikono ya maji.

"Yaya! Haukupiga! Inatembea? Inafunguka?"

"Nini?"

"Luciole, yaya! Flashi!"

"Aa, ile. Inatembea, inatembea." Nyuma ya Émerence kulisikika vishindo vya vidole na mabishano ya watoto juu ya zamu. "Batoto njo balifungua, mi sikuwa hata mu darasa. Bageni balifika, balikuta banaandika majina yabo. Mashini zinabaki, Tshala! Zinabaki!"

Tshala aliruka. Kisha akasubiri sifa. Émerence akamsimulia mvua, bei ya samaki, mguu wa shangazi. Juu ya flashi, hakuna neno.

"Na... hakuna mutu aliuliza nani alipanga flashi?" Tshala hakuweza kujizuia.

"Kupanga nini? Kulikuwa kitu moja tu." Émerence akacheka, kisha akashusha sauti. "Mudogo wangu, nikuambie. Ile siku uliniuliza kama siyue kusoma, nililala nikijua minyi njo mujinga. Leo batoto banasema: mwalimu yetu ni mwalimu ya ordinateur, ya hii mashini. Asante, ee?"

Simu ilipokatika, Tshala alibaki ameishika.

"Anasema kulikuwa kitu moja tu," alimwambia mama yake kwa uchungu. "Mama, kazi yote ile, hawakuiona!"

Mama yake aliosha kisu. "Muntu akipita mu mulango muzuri, anasimama kuusifu? Anapita. Ule unamugonga kichwa njo anakumbukaka." Akamsogezea Tshala beseni. "Sikia, mutoto wangu. Kusaidia muntu hapana kumutupia yote uko nayo, kisha kumukasirikia juu anashindwa kubeba. Fikiri kwanza ule atapokea. Anayua nini? Atashika wapi? Ukimupa kitu na anabaki anajiona mujinga, haujamupa kitu, umemunyanganya."

Tshala alikuwa anafikiria sauti ya Émerence ilivyonyamaza siku ile, na kwamba alikuwa amedhani ni mtandao.

Alijipangusa uso kwa mkono wenye maji ya muhogo, akaendelea kumenya.